Babu Melkiori na Ngozi ya Mfaransa

Ukifika kwa babu yangu Melkiori, pale Ilongero, usije ukauliza kile kibati kikubwa cha rangi ya maziwa kilichotundikwa ukutani ni cha nini. Utakaa hapo mpaka ugali uive, uliwe, na vyombo vioshwe. Ni boneti ya gari. Ila ukiiita boneti mbele yake atakusahihisha taratibu, kama anamfundisha mtoto kuvaa viatu:

"Hiyo ni ngozi."

Ngozi ya Mfaransa. Marehemu alifia Unyambwa, mwaka tisini na nne, kwa ugonjwa wa giaboksi.

Tulieni, nawaeleza.

Mwaka tisini na tatu babu alikuwa na ng'ombe kumi na wawili, na wote kumi na wawili hawakuwa wake. Yaani walikuwa wake, wanalala kwake, wananyea kwake, lakini tayari walikuwa mahari. Baba yangu, Obadia, alikuwa amemchumbia Hana, binti wa Mzee Kefa wa Iguguno, na Mzee Kefa alisema kumi na wawili, asipungue hata mmoja. Waletwe mwakani, alizeti zikishavunwa. Wasipofika, binti yake hatakaa kusubiri kama mzigo stendi. Kwa hiyo Obadia alikuwa anawaangalia wale ng'ombe kama mtu anayeangalia suti yake ya harusi imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Sasa mwaka huo mvua ilizingua. Nyasi zikaisha mapema, ng'ombe wakaanza kuonyesha mbavu. Na ndo zilikuwa enzi za ruksa: kila mwenye chochote anaagiza gari la mtumba. Watu ambao mwezi uliopita walikuwa wanafunga breki ya baiskeli kwa soli ya kiatu, leo wanakaa kwenye kahawa wanabishana habari za kabureta. Babu akakaa, akafikiri, akapata wazo. Gari halili nyasi. Ng'ombe wageuke gari kwa mwaka mmoja, gari lifanye kazi, mavuno yakifika gari ligeuke tena ng'ombe, tena wengi kuliko mwanzo.

Bibi yangu Severina aliacha kupepeta uwele.

"Baba Obadia, ng'ombe akifa tunakula nyama. Gari likifa tunakula nini?"

"Siendi kununua kichwakichwa," babu akasema. "Nitafanya uchunguzi."

Na kweli alifanya. Tatizo ni kwamba babu alijua aina moja tu ya uchunguzi, ule wa kuoa. Kwetu huendi kuchumbia kabla hujaulizia ukoo: kwao kuna magonjwa gani, wavivu au wachapakazi, wanakula sana, wamewahi kufungwa, wanakufa wakiwa na umri gani. Akavaa koti, akachukua fimbo, akaenda Singida mjini kwenye gereji ya Fundi Urbano. Majina ya kampuni hakuyajua na hakutaka kuyajua. Gari lina kwao, basi.

"Shikamoo mzee," Urbano akasema akiwa chini ya gari.

"Marahaba. Toka huko. Nimekuja kuulizia koo tatu."

Urbano akatoka, anafuta mikono kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono. "Koo zipi?"

"Mwingereza, Mfaransa, na huyu mgeni, Mjapani. Kwao wanaumwa nini?"

Urbano naye Mnyaturu, akaelewa hapohapo. Akavuta ringi ya tairi, akakaa.

"Mwingereza ana mifupa, mzee. Anapanda kilima chochote. Ila anavuja oili. Huyo popote alipolala, asubuhi panajulikana."

"Tiba yake?"

"Rahisi. Nyundo, waya na mpira wa ndala. Hata mhunzi wa majembe anamtibu."

"Kula?"

"Anakula kama wajomba wa bwana harusi."

"Mfaransa je?"

"Aisee, huyo anatembea! Ukimpanda unasinzia. Shimo hili hapa, yeye anapita kama hajaliona. Lakini akiugua, dawa yake iko Nairobi. Na fundi aliyekuwa anamjua vizuri hapa mjini kahamia Arusha."

"Ana deko."

"Deko hasa."

"Na Mjapani?"

"Ngozi nyembamba, mzee. Mbuzi akijikuna kwake anabonyea. Ila haugui ovyo, na akiugua, spea zake zinauzwa mpaka kwenye duka la kanga."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mjapani, tumemaliza, twendeni nyumbani. Babu akazunguka nyuma ya gereji kuhesabu makaburi. Akakuta mizoga ya Waingereza kumi na moja, Wafaransa wanne. Mjapani hakuna hata mmoja. Akarudi amekunja uso.

"Huu ukoo wa Mjapani siuelewi. Hawana kaburi hata moja. Wanazika wapi?"

"Mzee, hawa wamekuja juzi tu. Hawajapata muda wa kufa."

"Watu wasio na makaburi ni wa kuogopa," babu akasema, akaaga.

Akaja nyumbani akiwa hajui achukue yupi. Mwingereza anakula, Mfaransa anadeka, Mjapani anaficha makaburi. Siku tatu hali vizuri. Siku ya nne akaamka anacheka, akamwambia bibi kwamba jibu lilikuwepo siku zote. Ng'ombe unawafanyaje ukiwa huna uhakika na malisho? Unawagawa. Watatu unaweka kwa shemeji, wawili kwa rafiki wa Mgori, ili ugonjwa ukipita huku, kule wabaki. Anayekutunzia anakunywa maziwa, ndama wanakuwa wako. Ng'ombe akifa, anakuletea ngozi uione alama yako, ujue kweli amekufa na hajauzwa mnadani. Sheria hizo zipo tangu babu zake babu, na hakuna aliyewahi kuzilalamikia.

Basi akatafuta watu watatu waliokuwa wananunua magari na pesa zimewapungukia. Ignas, wa hapohapo Ilongero, alikuwa anamtaka Mwingereza, pikapu. Sixbert wa Unyambwa alishampenda Mfaransa mweupe wa kubebea abiria. Na kule Iguguno kulikuwa na mama mmoja, Marietha, anauza mafuta ya alizeti, anamfuatilia Mjapani, kipikapu kidogo cha bluu. Babu akaweka ng'ombe wanne kwa kila mmoja. Makubaliano: nusu ya mbele ya gari ni ya mwenye gari, nusu ya nyuma, pamoja na magurudumu yake mawili, ni ya Melkiori.

Akapita kote kutatu na mashahidi, na kote kutatu akasema maneno yaleyale kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya:

"Maziwa yako. Ndama wangu. Akifa, niletee ngozi."

Ignas alikubali kabla babu hajafunga mdomo. Sixbert akamshika mkono kwa mikono miwili. Marietha aliomba arudie tena mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akarudia, mwenyekiti akaandika.

Halafu zikaja alama. Ng'ombe wa babu wote walikuwa na chapa ya moto pajani, mistari miwili na nukta. Akawasha moto nyumbani kwa Ignas, chuma kikawa chekundu, akamwendea Mwingereza kwa nyuma.

"Mzee, hapo ni karibu na tangi!" Ignas akapiga kelele. "Mzee! Tangi la petroli!"

"Mshikeni asisogee," babu akasema.

Hakulipuka mtu. Ila tangu siku hiyo kwa wale wawili wengine waliobaki chapa ilipigwa kwenye boneti, mbele, mbali na tangi, na Ignas anasimamia.

Babu akarudi nyumbani ametulia kama mtu aliyekwisha kuoza watoto wote. Akamweleza bibi mpango mzima, na sheria zote. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kitu kimoja tu.

"Baba Obadia. Gari linazaa?"

Babu akaangalia mbali kule kwenye zizi tupu. Mwishoni akasema, "Tutaona," akaenda kulala, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Ungesema basi akarekebishe makubaliano. Atarekebishaje? Amesema mbele ya mashahidi, kotekote, kwa mdomo wake. Mtu haendi kusema maziwa aliyokupa mwezi uliopita yalikuwa utani.

Kwa hiyo magari yakaanza kukamuliwa. Ignas anapakia watu na magunia kwenda mjini, nauli inaingia mfukoni kwake. Sixbert naye, Marietha naye. Babu akienda kuwatembelea wanyama wake anapokelewa vizuri sana, anapewa kile ambacho mwenye ng'ombe hupewa akitembelea: kibuyu kimoja. Yaani lifti. Anakaa nyuma, kwenye nusu yake, anateremka, anashukuru, anarudi kwa miguu.

Obadia alikuwa anakonda. Kila akienda Iguguno kumsalimia mchumba wake anakutana na yule Mjapani wa bluu barabarani, amejaa watu, nyuma ana mafuta ya alizeti, anapiga honi kama anamcheka.

"Baba, basi kamwombe Marietha hata kidogo," akamwambia babu.

"Maziwa ni yake."

"Na ndama je?"

"Ndama bado."

Februari, Sixbert akaja kutoka Unyambwa kwa baiskeli, amefunga kitu kikubwa mgongoni kama kobe. Akakiegesha nje. Akaingia, akaamkia, akapewa kigoda, akakaa anaangalia chini. Bibi akajua, akafunga kitenge vizuri akakaa naye. Mtu akija kukaa hivyo haji kuomba chumvi.

"Mzee," Sixbert akasema, "yule mnyama wetu ametutoka."

"Lini?"

"Jumatano, mchana. Alianza kukataa gia ya tatu. Tukamvumilia. Akakataa ya pili. Mara akabaki anarudi nyuma tu. Wiki nzima nimepeleka abiria mjini kinyumenyume, mzee, mpaka shingo imegoma kurudi."

Kweli, alikuwa anaongea na babu huku anamwangalia bibi.

"Dawa?"

"Urbano kauliza Nairobi. Bei ya hiyo giaboksi ni kubwa kuliko Mfaransa mwenyewe na mimi juu yake."

Babu akatoka kukagua ngozi. Akaikuta chapa yake, mistari miwili na nukta. Akaigeuza, akaipapasa pembeni, akainusa. Halafu akasimama wima.

"Sixbert, huyu hakufa. Amechinjwa."

"Mzee!"

"Nati zimefunguliwa vizuri, kwa spana. Mnyama akifa mwenyewe ngozi haitoki safi hivi."

"Mzee, sasa ningeing'oa kwa meno?"

Wakabishana mpaka bibi akaleta uji. Mwisho babu akakubali kwamba ni kifo cha kawaida, ila akadai haki nyingine: mzoga ugawanywe. Ndo hivyo jamani, kesho yake babu alikwenda Unyambwa na mkokoteni wa punda wa kuazima, na msumeno wa chuma wa Urbano, na Mfaransa akakatwa katikati nyuma ya kiti cha dereva, watu wamezunguka wanatazama, na mama mmoja aliyekuwa hajaambiwa kinachoendelea akauliza maini anapata nani. Babu akaondoka na nusu ya nyuma na boneti. Wiki hiyohiyo kuku wa bibi wakaanza kutaga kwenye buti.

Ignas yeye alikuwa na kesi tofauti. Mwingereza wake alikuwa hafi. Alikuwa anaugua. Jumatatu rejeta, Alhamisi springi, Jumamosi mlango umeanguka wenyewe mbele ya kanisa watu wanatoka mazoezi ya kwaya. Kila kitu kikifa, Ignas anatafuta kingine, kile kilichokufa anakileta kwa babu kwa heshima zote, maana ameambiwa alete ngozi na yeye si mwizi.

"Shikamoo mzee. Leo nimeleta springi."

"Marahaba. Weka pale kwa wenzake."

"Huyu anakufa kwa mafungu," bibi akasema.

Ikafika mwezi wa tano. Bibi akapiga hesabu ya vyuma vilivyojaa uani, akaita watu. Mwingereza karibu mzima alikuwa amelala pale: milango miwili, rejeta, starta, springi nne, bampa, ekseli ya nyuma, hadi usukani. Na Mwingereza mwingine mzima alikuwa anaendeshwa na Ignas barabarani. Babu akashikilia kwamba aliyewekewa ng'ombe wanne ni huyu wa uani, yule wa Ignas ni mgeni tu, hamjui. Ignas akafurahi, akasema basi tumeachana vizuri. Wakapeana mikono.

Alizeti zikakauka shambani. Kutoka Iguguno ukaja ujumbe wa Mzee Kefa, mfupi: kuna kijana anaitwa Enock, ana mashine ya kusaga, ameulizia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita ndo mwisho. Kumi na wawili, au msije.

Obadia alikaa kwenye buti ya Mfaransa siku nzima, kuku wakimzunguka. Zizi lilikuwa na ng'ombe sifuri.

Aliyeokoa jahazi ni Urbano, na wala hakuja kuokoa, alikuja kudai msumeno wake. Alipoingia uani akasimama kama aliyeona mzimu.

"Mzee, hii difu inayozungusha magurudumu ya nyuma ya Mfaransa, inafanya kazi?"

"Mnyama aliumwa mbele. Nyuma alikuwa mzima."

"Kuna bwana mmoja Puma, Mfaransa wake amelala miezi minne anatafuta difu hii. Na mwingine Kiomboi anatafuta springi. Na tangi! Mzee, unajua kwa nini Mfaransa anakufa? Kwa sababu mzoga wake haupatikani. Mwenye mzoga ni tajiri!"

"Sitaki pesa," babu akasema haraka. "Nataka ng'ombe."

Yule wa Puma alileta watatu bila kubishana, na alibusu ile difu mbele za watu. Wa Kiomboi akaleta wawili. Kwa ajili ya vyuma vya Mwingereza wakaja watu wengi, maana kila mhunzi anaweza kuvifufua, lakini kwa sababu vinapatikana popote walibania sana: rejeta na starta kwa dume mmoja mzee, ekseli kwa wawili, milango na usukani kwa mtamba mmoja mwenye jicho bovu. Jumla tisa. Wanne waliowekwa kwa Mfaransa wamerudi watano, wanne wa Mwingereza wamerudi wanne. Yule wa Unyambwa, aliyekuwa legelege, ndo aliyezaa.

Boneti ilitakiwa pia. Babu akakataa. Ngozi haiuzwi, ina alama.

Wakabaki watatu, na hao wako ndani ya Mjapani. Na Mjapani, jamani, mzima! Haumwi, hakohoi, hadondoshi hata nati. Mwaka mzima anatembea Iguguno na Singida, Singida na Iguguno. Hajawahi kuleta ngozi wala mguu. Gari zuri kuliko yote matatu ndilo pekee ambalo halikumpa babu kitu.

"Nilisema ule ukoo una siri," babu akasema.

Ile Jumamosi asubuhi wakaingia Iguguno, babu, Obadia, Urbano kama shahidi, na ng'ombe tisa. Ilikuwa siku ya gulio mjini. Mjapani wa bluu alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Marietha, abiria wameshajaa juu ya magunia, wameshalipa, wanasubiri kuondoka.

"Shikamoo mzee," Marietha akasema.

"Marahaba mama. Nimekuja kumchukua mnyama wangu."

Mwenye ng'ombe akija kumchukua hazuiwi, hata iweje. Marietha hakukataa. Alikwenda ndani, akaleta karatasi ya mwenyekiti, akaisoma kwa sauti abiria wote wasikie.

"Nusu ya nyuma na magurudumu mawili ni ya mzee Melkiori. Maziwa ni yangu." Akaikunja. "Chukua nusu yako, mzee. Ila msumeno sikuruhusu. Nimesikia habari za Unyambwa."

Basi Urbano akaingiza jeki. Abiria wakaambiwa washuke.

"Nani ashuke?" akasema bibi mmoja aliyekaa na jogoo. "Mimi nimelipa mpaka Singida!"

"Mama, tunatoa magurudumu."

"Toeni, mimi nazuia nini?"

Hakuna aliyeshuka. Magurudumu yakatolewa wakiwa juu, gari likashushwa taratibu kwenye mawe, abiria wakainamia nyuma pamoja kama wanasujudu, na jogoo akawika. Babu akasukuma gurudumu moja, Obadia jingine, ng'ombe tisa mbele, wakaelekea kwa Mzee Kefa, hatua mia mbili tu. Baba anasema hizo hatua mia mbili zilikuwa ndefu kuliko Ilongero mpaka hapo, kwa sababu Hana alikuwa amesimama mlangoni anamwona.

Wazee wa upande wa Kefa walikuwa wamekaa tayari kukagua. Wakawaangalia ng'ombe meno, kwato, viwele. Yule wa jicho bovu wakamzunguka mara tatu. Halafu wakafika kwenye magurudumu.

"Na hawa?" akauliza mmoja.

"Hao ni watatu," babu akasema.

"Mbona wawili?"

"Ni miguu ya nyuma ya mnyama mmoja aliye hai. Thamani yake ng'ombe wanne. Nawapa kwa watatu."

Kelele zilizofuata! Mmoja anasema huu ni mzaha, mwingine anasema Enock aitwe sasa hivi, mwingine anabonyeza tairi kwa kidole anasema lakini lina upepo mzuri. Obadia akapiga magoti. "Shikamoo baba," akamwambia Mzee Kefa, mara ya pili siku hiyo.

Mzee Kefa alikuwa anaangalia barabarani, kule ambako gari la bluu limekaa kwenye mawe na watu juu yake.

"Ni magurudumu ya lile?"

"Ndiyo baba."

"La Marietha?"

"Ndiyo."

Mzee Kefa akakohoa. "Mimi nakaa hapa mlangoni kila siku. Magari yote ya barabara hii nayajua kwa ugonjwa. Yule mweupe wa Unyambwa nilimwona anapita kinyumenyume, nikadhani nimezeeka vibaya. Lile la bluu," akanyoosha fimbo, "sijawahi kuliona linasukumwa. Hata siku moja." Akamgeukia babu. "Mlikubaliana nini na huyo mama?"

Babu akasema kwa sauti ndogo, "Maziwa yake. Ndama wangu."

"Mzee mwenzangu," Kefa akasema, kwa huruma kabisa, "gari linazaa?"

Hilo swali babu alikuwa analisikia mara ya pili sasa.

"Nayachukua," Kefa akasema. "Tisa na miguu ya nyuma. Mahari imetimia."

Wanawake wakapiga vigelegele kabla wazee hawajabadilisha mawazo. Obadia akabaki kwenye magoti mpaka akanyanyuliwa.

Na kumbe Mzee Kefa alishamaliza hesabu kichwani. Aliyasukuma mwenyewe yale magurudumu kurudi kwa Marietha, mtu mzima na kanzu yake, akasimama mbele ya gari.

"Marietha, mimi ndiye mwenye nyuma sasa. Mimi sifugi kwa sheria za Ilongero. Nyuma ndo wanakaa abiria. Kila siku nusu ya nauli inalala kwangu, au haya yanakaa sebuleni kwangu nakalia."

Marietha akaangalia abiria. Abiria wakamwangalia Marietha.

"Mkubalie mama," akasema yule bibi wa jogoo, "tunachelewa gulio."

Akakubali. Urbano akarudisha magurudumu, gari likawaka kwa ufunguo mmoja tu, halikusukumwa, likaondoka. Miaka minane Mzee Kefa alikamua lile gari kila jioni akiwa amekaa mlangoni. Alijenga nyumba ya bati. Mimi nimetokana na ng'ombe tisa na magurudumu mawili ya nyuma, na kila nikienda Iguguno wajomba hawaachi kunikumbusha.

Mwaka juzi baba alipata kiinua mgongo, akataka gari la kutembelea. Akaja Ilongero kumwomba babu ushauri, kwa heshima tu, maana uamuzi alikuwa nao: Mjapani. Babu sasa haoni vizuri, ila alimsikiliza mpaka mwisho.

"Chukua Mfaransa," akasema.

"Baba! Mfaransa si alikufa hata mwaka haujaisha?"

Babu akapapasa ukutani mpaka mkono ukaifikia ile ngozi, akaigonga kidogo kwa kucha, ikalia.

"Ndiyo, alikufa," akasema. "Lakini alikufa vizuri. Yule mwingine mpaka leo sijapata hata mkia."